Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kwanza nimtetee Mama Redio, maana baadaye nitamsema, na nikishaanza kumsema sitapata tena nafasi ya kumtetea.

Mama Redio ni mteja wetu wa siku nyingi. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe hapa saluni, kwa sababu hawezi kusoma kitu kimoyomoyo. Akiona tangazo ukutani atalisoma kwa sauti. Akishika chupa ya mafuta ya nywele ataisoma mpaka anwani ya kiwanda. Na sauti anayo, nene, imetulia, ya kutangazia taarifa ya habari. Ndiyo maana akikaa kiti cha katikati, simu ya Shangazi huwekwa mapajani mwake bila hata kuulizwa.

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye mwenye saluni. Mimi ni msusi wake wa pili, ingawa yeye akinitambulisha kwa wageni husema mimi ni mdomo wake wa pili. Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Tangu asubuhi mikono yake imo kwenye mafuta, dawa au nywele za watu, na simu yake haijui kupumzika. Basi tukajizoesha hivi: aliyekaa kitini ndiye katibu. "Nani huyo? Hebu soma. Mwambie aje saa nane. Mwambie rangi hiyo imekwisha, asichelewe akakuta na nyekundu imekwisha." Kichwa kinasukwa, vidole vinaandika. Mmoja anaandika maneno kwa kukatakata, mwingine hajui nukta wala mkato, mwingine anaweka vikaragosi vya kucheka hata kwenye pole ya msiba. Wateja walishazoea. Ukipata ujumbe wa Shangazi ulioandikwa ajabu ajabu, unajiuliza tu leo kitini kakaa nani.

Niliupenda utaratibu huo, sifichi. Ulitufanya tuwe kama watu wa nyumba moja. Na mshenzi mmoja, ambaye sijamwona uso mpaka leo, aliingilia hapo hapo.

Alipiga simu asubuhi ambayo saluni ilikuwa imefurika. Mama Redio akapokea na kuweka sauti ya nje, kama kawaida. Mwanamume, mpole, ana adabu za kununua. Akasema anatoka kampuni ya dawa za nywele, kuna semina ya wasusi, vyeti vitatolewa, na jina la Shangazi limependekezwa. Semina! Shangazi anapenda vyeti kuliko chakula. Akaitikia huku ameng'ata kitana. Yule mtu akasema, "Nimewatumia namba ya kujiandikisha kwa ujumbe. Nisomeeni tu, nimalizie huku."

Ujumbe ukaingia. Mama Redio akausoma wote, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. Akasoma namba tarakimu moja moja, halafu akasoma na maneno yaliyofuata: "Usimpe mtu yeyote namba hii."

Tulicheka. Hata yule mwizi alicheka. Akasema, "Hayo maneno huwa yanakuja tu, mama, msijali." Akashukuru, akatutakia kazi njema, akakata. Nikikumbuka ile "kazi njema" yake natamani kumpata mahali nimtie dawa ya kunyoosha nywele machoni.

Baada ya hapo simu ya Shangazi ikanyamaza. Hakuna ujumbe uliokuwa ukiingia, na sisi tukasema bando limekwisha, tutanunua jingine tukipata nafasi. Nafasi hatukupata siku hiyo. Kesho yake mchana akaingia jirani yetu anayeuza viatu, ameshika mfuko wa machungwa, uso wa huzuni. Akamkuta Shangazi amesimama anaosha kichwa cha mtu. Akatoa macho.

"Kumbe umesharuhusiwa?"

"Kuruhusiwa wapi?"

"Si umeniandikia umelazwa, unaomba msaada wa dawa?"

Hapo ndipo tulipomkimbilia fundi simu wa kona ya pili. Aliangalia mara moja tu akaguna. Akatueleza kwamba ile namba tuliyoisoma haikuwa ya semina yoyote. Ilikuwa ufunguo. Mtu yule alikuwa anaifungua akaunti ya Shangazi kwenye simu yake mwenyewe, mtandao ukatuma namba kwa mwenye akaunti ili kuhakikisha ni yeye, na sisi tukamkabidhi mkononi. Fundi akauomba mtandao utume namba mpya, akamtoa yule mwizi nje, kisha akamwekea Shangazi namba nyingine ya siri ya kwake mwenyewe, ili siku mtu akipata ile ya kwanza akwame kwenye hii ya pili. Akasema tumpigie kila mteja, kwa sauti, si kwa maandishi, tumwambie asiamini ujumbe wowote wa tangu jana asubuhi. Tulipiga mpaka koo zikakauka. Kutoka siku hiyo simu ikilia, Shangazi anafuta mikono kwanza, anaishika mwenyewe. Mteja anayesubiri na asubiri.

Mama Redio alipokuja akaambiwa, alilia mpaka kope za kubandika zikamtoka. Kuna waliomcheka. Kuna mama mmoja chini ya draya alisema, "Mtu mzima unasomaje namba ya siri kwa mtu usiyemjua?" Nilimrukia. Nilimwambia huyu mama kadanganywa, na kudanganywa si dhambi, dhambi ni ya yule aliyekaa akapanga uongo, akaupamba na vyeti, akaupigia simu. Mbona mwizi hatajwi? Kila mtu anamwuliza aliyeibiwa alikuwa wapi, hakuna anayemwuliza mwizi alikuwa na haki gani. Niliongea sana. Shangazi alinipa chupa ya maji ninywe.

Kwa hiyo hapo nimemtetea. Sasa Mwalimu.

Mwalimu anafundisha watoto wadogo shule ya mtaa wetu, na mjukuu wa Shangazi yumo darasani mwake. Ni msichana mwembamba, mcheshi, mwandiko wake ubaoni unasifiwa na wazazi wote. Wanawake humsimamisha njiani kumwuliza anasukwa na nani. Ukweli ni kwamba hasukwi. Nywele zilianza kumtoka kwa mabaka, kisha zikatoka zote, na daktari akamwambia ni mwili wake wenyewe umezikataa, ugonjwa huo hauambukizi mtu, wala haumwumizi. Anakuja kwetu kabla hatujafungua, kwa mlango wa nyuma, tunavuta pazia. Shangazi humtengenezea wigi, unywele kwa unywele, mpaka mstari wa kwenye paji la uso huwezi kuujua hata ukisogeza pua. Hiyo ndiyo kazi ya Shangazi anayojivunia kuliko zote, na hawezi kuitangaza kwa mtu.

Ili kulitengeneza, anahitaji picha ya kichwa kitupu, mbele na pembeni. Na sikiliza jinsi mama huyu alivyo mwangalifu: hapigi kwa simu yake. Anapiga kwa simu ya mteja, mteja anamtumia, anapima, anaifuta. "Kichwa cha mtu hakilali kwangu," husema.

Sasa katika ile siku moja na kitu ambayo akaunti ilikuwa mikononi mwa mwizi, Mwalimu aliandika. Aliuliza wigi lake jipya litakuwa tayari lini, na kama picha ya kichwa aliyotuma ilitosha. Mwizi, ambaye hajui hata kitana kinashikwaje, akanusa kitu. Akamjibu: "Bado kidogo Mwalimu, ile picha imepotea, nitumie tena." Maandishi yalikuwa ya ovyo, hayakufanana na ya siku nyingine. Lakini lini maandishi ya Shangazi yalifanana? Mwalimu akadhani kuna mteja kitini anaandika kwa niaba. Hilo tu ndilo lililomtia wasiwasi kidogo, kwamba mteja huyo ataiona. Akauliza, "Hakuna mtu anayeshika simu?" Akajibiwa, "Niko peke yangu mwanangu." Mwanangu! Akatuma ile ile tuliyompiga hapa hapa, amekaa kiti cha katikati, kichwa kitupu, anatabasamu kidogo kwa sababu nilikuwa nimemtania.

Tulipompigia kumwonya alikuwa ameshaituma.

Siku iliyofuata alikuja mlango wa nyuma. Ujumbe ulikuwa umemfikia kutoka namba ngeni: alipe, la sivyo picha itakwenda kwa wazazi wa wanafunzi wake. Na namba za wazazi mwizi alikuwa ameshazinakili zote kabla hajatolewa, maana Shangazi, kwa ajili ya mjukuu wake, yumo kwenye kundi la darasa.

Shangazi alikaa chini sakafuni, kwenye nywele za watu. Akasema atauza draya zote mbili. Mwalimu akakataa. "Nikimlipa leo nitakuwa nimemwonyesha kwamba nina kitu cha kulipa. Atarudi. Shangazi, sitaki kuwa shamba la mtu." Alisema hivyo kwa sauti yake ile ile ya darasani. Mimi nilimpenda zaidi tangu dakika ile.

Tukaenda kituo cha polisi, mimi naye. Askari wa mezani alisikiliza huku anachokonoa kalamu. Tulipomaliza akamwangalia Mwalimu, akamwuliza, "Sasa wewe mwalimu mzima, picha kama hiyo unapiga ya nini?"

Nikamwuliza, "Afande, mtu akiibiwa nguo kwenye kamba, huwa unamwuliza kwa nini alifua?"

Mwalimu alinifinya mkono. Askari alinikazia macho, nami nikamkazia. Mwishowe akavuta karatasi. Kusema haki, aliandika yote, na akatupa ushauri wa maana: tusifute ujumbe hata mmoja, tupige picha za skrini zenye namba ya huyo mtu, tusimlipe wala tusijibizane naye. Lakini lile swali lake halikurudi mdomoni. Mwalimu alitoka pale ameinama kuliko alivyoingia.

Mwizi alipoona kimya, akaituma. Hakuiweka kundini, mjanja, alimtumia mzazi mmoja mmoja, na chini yake akaandika: "Huyu ndiye anayefundisha watoto wenu. Muulizeni ana ugonjwa gani."

Shangazi na yeye aliipata. Aliangalia, akaifuta, akampigia Mwalimu palepale. Mwalimu alikuwa ameshaambiwa na mkuu wa shule kwamba kuna wazazi wanauliza maswali. Kuna mmoja alitaka mtoto wake ahamishwe darasa. Mtoto mwingine alichora duara ubaoni lenye macho mawili, bila nywele, na darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu alifuta ubao, akafundisha mpaka kengele, akaenda nyumbani. Kesho yake hakwenda kazini, wala siku zilizofuata. Alimwambia Shangazi kwamba anaandika barua ya kuacha kazi, na kwamba wigi jipya aliache tu, hana pa kulivalia. Kazi ile ndiyo maisha yake, anayejua anajua.

Na mwizi alituma mara ngapi? Mara moja kwa kila mzazi. Wazazi wenyewe si wengi hivyo. Lakini picha ilionekana sokoni, ikaonekana kwa wauza vyakula, ikaonekana kwa dereva ambaye hana hata mtoto. Nani aliipeleka huko? Si mwizi. Mwizi alishachoka, alishakwenda kumwinda mwingine. Waliobaki wanaisukuma ni watu wetu, wenye nyumba zao na sala zao, wanaokusalimia vizuri asubuhi.

Wiki hiyo hiyo Mama Redio akaja kusuka.

Aliketi kiti cha katikati. Shangazi akaanza upande wa kulia, mistari midogo midogo, safi kabisa. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni na mteja mwingine. Upande wa kushoto wa Mama Redio ulikuwa umechanwa tu, umesimama wima kama uliotishwa. Simu ya Shangazi ilikuwa kwenye rafu, kwa hiyo Mama Redio akatoa yake. Akaanza kucheka peke yake.

"Jamani, hii mmeiona?" akasema. "Kumbe yule mwalimu wa watoto wetu! Mimi namsifia nywele kila siku, kumbe hola!" Akasoma na yale maandishi ya chini, kwa sauti yake ya taarifa ya habari, tuli, neno kwa neno. "Muulizeni ana ugonjwa gani."

Mikono ya Shangazi ilisimama.

"Umeipata wapi?" nikamwuliza.

"Namba tu nisiyoijua, ilinitumia."

"Na wewe umemtumia nani?"

"Wachache tu. Dada yangu. Wifi yangu. Na kundi letu la kina mama wa mtaani. Kwani vipi, si kila mtu anayo?"

"Naomba nione."

Akanipa, meno bado yapo nje. Niliishika ile simu mbele ya uso wake, nikaikuza picha kwa vidole, si kichwa cha Mwalimu, bali nyuma yake. "Mama Redio, hiki ni nini hapa?"

"Kioo."

"Na hiki kwenye kona ya kioo?"

"Stika. Kipepeo."

"Inua macho."

Akainua macho. Mbele yake kilikuwa kioo chetu, na kwenye kona iliyopasuka kile kipepeo cha bluu ambacho Shangazi alikibandika kuficha ufa. Akaangalia kioo, akaangalia simu. Akaangalia mikono ya kiti alichokalia. Meno yakarudi ndani.

"Hiyo picha," nikamwambia, "imepigwa hapo ulipokaa. Imetoka kwa mtu yule yule aliyekuita mama na kukuambia usijali. Ulipomsomea namba hukujua, na mimi niligombana na watu kwa ajili yako. Hii je? Hii nani alikudanganya? Nani alikupigia simu akakwambia mtumie dada yako?"

"Sikujua ni ya hapa! Ningejua ni ya hapa..."

"Ingekuwa ya pengine ingekuwa sawa?"

Machozi yakaanza. Safari hii sikuyaonea huruma, nisamehewe. Aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa asikie.

Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Wapigie." Mama Redio akauliza nani. "Wote uliowatumia. Uwaambie waifute, uwaambie ulikosa, uwaambie na kwamba ugonjwa ule hauambukizi mtu. Weka sauti ya nje. Wewe si huwa unatusomea kila kitu?"

Akampigia dada yake. Ile sauti nene ilikuwa imesinyaa. "Dada, ile picha niliyokutumia. Naomba uifute. Nimekosea."

Kicheko kikajaa saluni kutoka kwenye simu. "Ile ya kipara? Mwenzangu, umechelewa, nimeshawatumia wote kazini. Tumecheka mpaka tumekoma! Huyo si anaambukiza watoto?"

"Haambukizi," Mama Redio akasema. "Dada, haambukizi. Waambie waifute."

"Sasa mimi nitamwambiaje bosi afute?"

Ikawa hivyo na kwa wifi yake, aliyekuwa ameipeleka kwa mumewe, aliyekuwa ameipeleka asikojua. Kwenye kundi la kina mama akatuma ujumbe wa sauti, akaomba radhi, akasema ugonjwa ule hauambukizi na kwamba aliyeisambaza ni yeye. Wachache walisema wamefuta. Mmoja akajibu kwa kikaragosi cha kucheka. Mama Redio alikiangalia kile kikaragosi muda mrefu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Bado mtu mmoja," Shangazi akasema. "Mwenye kichwa chake. Yuko nyumbani, anaandika barua ya kuacha kazi. Mtoto wako anajua kusoma kwa sababu yake. Nenda."

"Nitakwenda Shangazi, naapa. Nimalizie tu hapa, nitatoka moja kwa moja."

Shangazi akachukua kitambaa, akaanza kufuta mafuta mikononi, kidole kwa kidole. "Nitakumalizia ukirudi kutoka kwake."

Mama Redio alijitazama kwenye kioo. Kulia mistari, kushoto nywele zimesimama. Akashika upande ule kwa kiganja, kama anayeficha kidonda. "Nitapitaje barabarani hivi? Shangazi, watu wataniona. Kuna vijana pale kona, wana masimu, watanipiga picha!"

Alijisikia mwenyewe alichosema. Kwenye kioo niliona maneno yake yakimfikia, akashusha mkono.

Mimi ningemwacha aende hivyo hivyo, kichwa nusu, mchana kweupe, apite mbele ya vijana wote wa kona. Nilishafungua mlango. Lakini Shangazi alifungua mtandio uliokuwa kichwani mwake mwenyewe, akaukung'uta nywele, akamfunika yule mama kichwa chote, kulia na kushoto.

"Hapa kwangu," akasema, "mwanamke hatoki kichwa wazi kama hataki."

Akaniita nije kufunga fundo kwa nyuma, maana mikono yake ilikuwa bado ina mafuta na ingeteleza. Nikaja. Nikalifunga, na nililikaza kuliko ilivyohitajika.